Umesamehe kweli au umenyamaza tu? Uzi wa vinyongo, ugomvi na kupatana kwa sisi watu wa kanisani

Mkaa Nyuma:

Wakuu salaam, poleni na majukumu.

Naomba tuongee hili jambo taratibu bila kurushiana mistari. Mimi ni Mlutheri, sio mchungaji wala mwinjilisti, ila nimekuwa mzee wa kanisa kipindi kirefu kidogo na kazi kubwa ya mzee wa kanisa watu hawaijui, wanadhani ni kuhesabu sadaka, kumbe robo tatu ya kazi ni kusikiliza ugomvi. Ugomvi wa kwaya, ugomvi wa mipaka ya shamba, ugomvi wa mawifi, ugomvi wa mtu aliyechangiwa harusi halafu yeye mwenzake alipoozesha akatoa soda mbili. Na katika kusikiliza kote huko nimeona watu wetu wanajua kutamka msamaha, wanajua na kunyamaza, ila kupatana hawajui kwa sababu hakuna aliyewafundisha kunafanyikaje. Mtu anakwambia "mimi yule nilishamsamehe zamani" halafu akimwona anakuja kwa njia ileile anakata kona kwa muuza mkaa wakati mkaa anao nyumbani.

Sasa Yesu kwenye Mathayo 18 kuanzia mstari wa 15 kaacha utaratibu kabisa. Ndugu yako akikukosea nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia chukua na mtu mmoja au wawili. Akikataa kuwasikia hao liambie kanisa. Kila aliyepita kipaimara anazijua hizi hatua, lakini angalieni tunavyofanya, tunaanzia ya tatu tunarudi nyuma, na ya kwanza hatufiki kabisa.

Kuna kwaya moja, ya wapi sisemi, mweka hazina alikusanya hela za vitenge vya sare, fundi akachelewesha, sikukuu ikapita, ikaonekana hela imeliwa. Stori ikaanzia kwenye sauti ya pili, ikaenda sauti ya kwanza, ikaingia kwenye grupu jipya la WhatsApp (mnalijua lile grupu, linafunguliwa ili mtu mmoja asiwepo), ikafika kwa mama mchungaji ikiwa imeshageuka kuwa ombi la maombi. Yule mama amekaa miezi watu wanampunguzia salamu na hajui kosa lake ni nini. Siku tulipomwita barazani hata hakujitetea, alifungua pochi akatoa risiti imekunjwa mara nne, fundi kaandika kwa mkono kapokea advansi, na namba yake ya simu chini. Ilikuwa kwenye pochi muda wote huo na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza. Na sasa mwenye kinyongo akawa yeye, na mimi sikuwa na ubavu wa kumwambia asamehe haraka.

Kitu kingine watu hawakioni. Mathayo 18 inamwambia aliyekosewa aende. Lakini Mathayo 5:23 inamwambia aliyekosea aende, umeleta sadaka madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapohapo, nenda kapatane naye kwanza. Yani pande zote mbili zimeshapewa amri ya kuondoka nyumbani, tukitii wote tutakutana njiani. Na mkumbuke anayasema hayo akiwa Galilaya, madhabahu iko Yerusalemu, safari ya siku kadhaa kwa miguu na mnyama wako wa sadaka. Umefika, umepanga foleni, ndo unaambiwa urudi kijijini ukaongee na jirani kwanza. Wale wa "nikitoa zaka kubwa Mungu ataelewa" wausome tena huo mstari.

Halafu ule mfano wa mtumwa asiyesamehe mwishoni mwa Mathayo 18. Huwa tunahubiriwa kwamba deni la pili lilikuwa dogo. Hebu tupige hesabu. Dinari moja ilikuwa kibarua cha siku moja, na talanta moja ni kama dinari 6,000. Yule wa kwanza alidaiwa na mfalme talanta 10,000 akafutiwa, kwa kibarua wa kwetu wa elfu kumi kwa siku hiyo ni bilioni mia sita. Yeye naye alimdai mwenzake dinari 100, ambayo ni milioni moja, akakataa kumsamehe. Sasa nani hapa ataniambia milioni moja ni hela ndogo? Yesu hakusema hukukosewa wala hakusema ni kitu kidogo. Ni deni la kweli na linauma, ila kaliweka pembeni ya lile la bilioni mia sita ulilofutiwa wewe ili uone mwenyewe.

Naomba kuwasilisha, karibuni. Wenye uzoefu zaidi tuambieni, huko kwenu mnapatanaje?

Binti Uyole:

Nakazia mkuu. Hapo kwa ombi la maombi umenigusa. Siku hizi umbea ukitaka upite bila kukaguliwa unauvalisha "tumkumbuke dada fulani kwenye maombi".

Chuma Ulete:

Mkaa Nyuma heshima yako mkuu ila hapa ndo mnapotuangushaga. Mimi nimemkopesha muumini mwenzangu hela ya mtaji wa mchele, tena alikuja na mkewe wakapiga magoti sebuleni, nikatoa. Leo anakaa benchi la mbele, anaimba pambio mikono juu, gari amenunua. Nikimdai ananiambia nina roho ya uchungu. Nikasema nimpeleke mahakamani, wazee wakanisomea 1 Wakorintho 6, eti si afadhali kudhulumiwa. Sasa huo msamaha wenu mbona kila siku analipa aliyekosewa? Naona mmeshaugeuza kichaka cha kujifichia madeni.

Mkaa Nyuma:

Chuma Ulete umeongea kitu kikubwa na sitakukwepa.

Hao wazee waliishia mstari wa 7, wangesoma na wa 8. Paulo akishasema afadhali kudhulumiwa anageuka hapohapo kwa hao wengine, anawaambia ninyi mnadhulumu na mnanyang'anya, tena ndugu zenu. Ile sura inamkaripia huyo wa benchi la mbele kuliko inavyokukaripia wewe. Na swali la Paulo kwa kanisa zima ni hili, hivi kwenu hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima anayeweza kuamua kati ya ndugu? Kwa hiyo wazee wakikwambia usiende mahakamani halafu wao hawaitishi kikao wakaamua, wamekunyima huku na huku.

Halafu Paulo huyohuyo sheria ameitumia. Filipi walimpiga fimbo hadharani bila kumhukumu akiwa raia wa Rumi, asubuhi wakataka kumtoa kimyakimya, akagoma, akasema waje wenyewe watutoe (Matendo 16). Na alipoona kesi yake inataka kuchezewa akakata rufaa kwa Kaisari (Matendo 25). Nani atasema Paulo alikuwa na roho ya uchungu.

Luka 17:3 inasema ndugu yako akikosa mwonye, akitubu msamehe. Hakuna mahali imeandikwa mfutie na kumbukumbu. Zakayo yule mtoza ushuru, wokovu ulipoingia nyumbani kwake, hakusema "tusameheane", alisema kama nimemdhulumu mtu narudisha mara nne.

Mfano wa watu wa juzijuzi. Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi uwanja wa Mtakatifu Petro tarehe 13 Mei 1981, aliyempiga ni Mturuki Mehmet Ali Ağca. Papa alimsamehe siku chache tu baadaye akiwa bado hospitali, na Desemba 1983 akaenda gerezani Rebibbia kule Roma wakakaa wawili kwenye viti wakaongea. Lakini baada ya hapo Papa alitoka na Ağca akabaki ndani. Rais wa Italia alikuja kumpa msamaha wa kisheria mwaka 2000. Miaka yote hiyo katikati Papa alikuwa ameshamsamehe na mlango wa gereza umefungwa, na hivyo vitu viwili havikugombana.

Kwa hiyo hela yako idai. Kinachokatazwa ni kuomba gari lake lipinduke.

Chuma Ulete:

Hahaha hapo kwenye gari umenikamata mkuu, nilishaomba.

Dada wa Mbezi:

Naomba nichangie maana hii mada kwa wanawake ina upande mwingine kabisa. Mdogo wangu alipigwa na mumewe mpaka jino likatoka, akaenda kwa mchungaji (kanisa silitaji), akaombewa, akaambiwa asamehe saba mara sabini, arudi nyumbani akamshinde kwa upole. Alirudi. Akapigwa tena akiwa na mimba. Yani hesabu ya 490 wanapewa wanawake, wanaume wanapewa kiti wakae wapoze hasira.

Nisaidieni, hivi ukisamehe lazima urudi?

Mkaa Nyuma:

Pole sana dada, na pole nyingi kwa mdogo wako.

Jibu langu ni hapana, na sijibu kwa hasira, najibu kwa Biblia. Yakobo alimdhulumu Esau baraka, akakimbia miaka ishirini. Walipokutana Mwanzo 33 Esau alimkimbilia akamkumbatia wakalia wote. Mkisoma kidogo mbele Esau anasema haya twende pamoja, Yakobo anamzungusha, mara watoto wadogo mara mifugo inanyonyesha, mwisho Esau kaenda Seiri na Yakobo kaenda Sukothi. Walipatana kweli, na kila mtu akakaa kwake. Wanatajwa pamoja tena wakimzika baba yao Isaka.

Na Yusufu hakuwafungulia ndugu zake siku ya kwanza. Aliwajaribu, akaficha kikombe cha fedha kwenye gunia la Benyamini aone kama watamtelekeza mdogo mtu kama walivyomfanyia yeye. Yuda aliposimama akasema mimi nibaki mtumwa badala ya kijana, ndo Yusufu akashindwa kujizuia akajitambulisha. Msamaha unaweza kuwa moyoni mapema, ila kumrudishia mtu ufunguo wa nyumba ni mpaka umeona amebadilika. Na mtu anayekupiga hajafika huko kwa kununua khanga mbili na kulia mbele ya mchungaji.

Karani wa Zamani:

Niongezee hapo kisheria kidogo kwa wa Tanzania. Kumpiga mtu ni kosa la jinai, hilo sio la baraza la wazee kumaliza na chai. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, unapewa PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) unaenda hospitali, maelezo yanaandikwa. Mchungaji anaweza kukusindikiza, na wapo wanaosindikiza kweli, ila hana mamlaka ya kuifuta kesi.

Upande wa ndoa yenyewe, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 101 inataka mgogoro upite kwanza kwenye bodi ya usuluhishi wa ndoa kabla ya mtu kufungua shauri la talaka, isipokuwa kwenye mazingira ambayo sheria yenyewe imeyataja. Bodi ziko ngazi ya kata na taasisi za dini pia zinaweza kuwa na zao zikitambuliwa na waziri. Watu wanaichukulia bodi kama muhuri tu wa kupata ile fomu ya kwenda nayo mahakamani, lakini nimeona wanandoa wamesuluhishwa pale na wakakaa. Na nimeona bodi za dini zinazomrudisha mwanamke mara nyinginyingi bila kuandika hata mstari mmoja kwenye daftari. Dada akifika ahakikishe wanaandika.

Abuu Swaleh:

Mimi Muislamu napita tu lakini huu uzi mtamu. Kwetu Mtume (SAW) amekataza Muislamu kumsusa ndugu yake zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu anageuka huku na yule kule, na mbora wao ni anayeanza salamu. Kwa hiyo ugonjwa ni mmoja, tuko nao mtaa mzima. Endeleeni.

Sabato Njema:

Mlioniuliza kule inbox kuhusu sisi Waadventista, kwetu kabla ya Meza ya Bwana tunatawadhana miguu, tumeitoa Yohana 13. Wanaume upande wao, akina mama upande wao, kila mmoja anachukua beseni na taulo, mnainamiana zamu kwa zamu. Ni kama mara moja kwa robo mwaka.

Sasa huko ndo utamwona binadamu. Ukitangaziwa kuchukua mwenzako kila mtu anakimbilia rafiki yake, au anakimbilia mgeni. Wale wawili waliogombania uongozi wa idara wanazungukana kama kuku na mwewe. Kuna Sabato moja mzee wetu wa kanisa alisimama na beseni lake katikati ya chumba hakumfuata mtu, alimsubiri mmoja tu ambaye wote tulijua hawaongei tangu habari ya kiwanja cha kanisa, yule bwana alipokosa pa kwenda akaja akakaa kwenye kiti, soksi akazivua polepole sana, ile ya kushoto ina tundu kwenye kisigino. Mzee akamwosha hakusema kitu. Kisha wakabadilishana viti. Walikuja kuongea nje chini ya mwembe baadaye, na waliongea muda mrefu mpaka potluku (chakula cha pamoja) ikaisha. Mimi nasema kile kitendo ni kizuri ila kinataka mtu wa kwanza awe na moyo wa kusimama na beseni, wengine tunaosha miguu ya watu ambao hatuna ugomvi nao tunajiona tumetimiza.

Mwana Parokia:

Kwetu Wakatoliki tunatakiana amani kabla ya komunyo, unampa mkono wa kulia na wa kushoto. Ugomvi uko benchi la nyuma yako na hugeuki. Nitoe ushuhuda mwingine lakini, kwenye kitubio padre mmoja alimwambia jirani yangu, aliyeniambia mwenyewe, kwamba dhambi ya wizi wa mabati ya mtu hawezi kumaliza kwa Salamu Maria tano, akarudishe mabati kwanza. Bati zikarudi usiku, zimeegemezwa ukutani asubuhi mwenye nazo kazikuta. Je hapo amepatana na mtu au amepatana na mabati? Maana mwenye mabati mpaka leo hajui alishukuru nani.

Mkaa Nyuma:

Mwana Parokia umenichekesha ila swali ni zito. Naona amefika nusu. Kurudisha kitu kwa siri kunalipa hasara, kidonda cha jirani kuangaliana kwa mashaka kinabaki. Ila kama mtu anaogopa kupigwa na wananchi wenye hasira kali simlaumu, hapo padre au mzee wa kanisa awe katikati apeleke ujumbe.

Mzee wa Kagera:

Wajukuu mmenikumbusha mbali. Sisi tuliokulia Bukoba tumewaona Walokole. Ule uamsho ulianzia upande wa Gahini Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukaingia mpaka kwetu. Ilikuwa mtu akiokoka anaanza kazi ya kutengeneza. Anarudisha jembe la serikali, anarudisha mbuzi, anakwenda kwa bwana shauri kusema kodi ya mwaka fulani nilikwepa. Walikuwa wanakaa kikao chao cha ushirika, mtu anasimama anataja dhambi yake mbele ya mwenzake aliyemkosea, kisha wanaimba. Wengine tuliwaona wamezidi, maana yapo mambo mtu anayataja hadharani yakavunja nyumba za watu wengine, hiyo sitaificha. Lakini nilichokipenda ni kwamba mzungu wa misheni na mpishi wake walikuwa wanaombana msamaha ana kwa ana, enzi zile za ukoloni, jambo ambalo huwezi kuliona mahali pengine.

Askofu Festo Kivengere wa Uganda ametoka humo, aliwahi kufundisha Dodoma zamani. Mwaka 1977 Idi Amin alipomuua Askofu Mkuu Janani Luwum, Kivengere na mkewe walivuka milima kwa miguu kuingia Rwanda. Kisha akiwa Ulaya akakiri kwamba moyoni alikuwa anamchukia Amin na chuki ile inamla yeye, akaandika kitabu mwaka huohuo na jina lake likawashangaza watu, kwamba anampenda Idi Amin. Wapo Waganda walikasirika naye sana kwa jina lile. Sikilizeni lakini, hakurudi Kampala kumkumbatia Amin. Alirudi Amin alipokwisha kung'olewa mwaka 1979.

Mtoto wa Pili:

Wakuu samahani kuingiza shida yangu binafsi. Baba alifariki akaacha kiwanja na nyumba ya vyumba vinne, tuko watoto watano. Kaka mkubwa anapokea kodi ya wapangaji wote anasema anatunza. Hati anayo yeye. Shangazi anamtetea. Mimi na dada zangu hatuendi kwake, hata Krismasi iliyopita kila mtu kwake. Mama bado yupo na anaumia. Mchungaji anasema tuachie tu Mungu atatulipa. Nifanyeje na sitaki kumchukia kaka yangu?

Mkaa Nyuma:

Kijana, kesi yako imo kwenye Luka 12 mstari wa 13. Mtu alimfuata Yesu kwenye mkutano akamwambia mwalimu, mwambie ndugu yangu anigawie urithi. Na Yesu alikataa kuwa mgawanyi wao! Alionya juu ya choyo akaacha. Huwa nawaambia wachungaji, ninyi mnaokimbilia kugawa vyumba vya marehemu mna ujasiri kuliko Bwana wenu. Kazi ya kugawa ina watu wake, kazi ya kanisa ni kuwafanya mkae meza moja bila kutukanana.

Kwa hiyo nakushauri uitenganishe kesi yako mara mbili. Kuna la mali na kuna la undugu. La mali Karani wa Zamani atakueleza. La undugu nenda wewe kwa kaka, peke yako, dada zako uwaache. Usianze na hati. Anza na Krismasi. Mwambie mama hali chakula vizuri tangu mmeacha kwenda. Watu wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, ila ndugu hawapatani wenyewe tu kama mvua, lazima mmoja aanze.

Na Abrahamu kwa Lutu angalia alivyofanya, wachungaji wao walipogombania malisho yeye mkubwa ndo alimwambia mdogo chagua wewe, ukienda kushoto mimi kulia. Kaka yako angepaswa kuwa huyo. Asipokuwa, wewe usimwige.

Karani wa Zamani:

Kwenye mali, kijana, mpaka sasa inaonekana hamna msimamizi wa mirathi. Mnaitisha kikao cha ukoo, mnaandika muhtasari, mnapendekeza jina, mnaenda nalo mahakamani. Huyo akiteuliwa anawajibika kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa na kurudisha taarifa mahakamani. Kaka akiwa anapokea kodi bila uteuzi huo ni mtu anayepokea kodi tu. Baraza la kata mnaweza kwenda wawasuluhishe, ila tangu marekebisho ya sheria ya 2021 kwenye ardhi wao wanasuluhisha, hawahukumu tena. Kwenda mahakamani kuteua msimamizi sio kumshitaki kaka. Mwambie hivyo mapema kabla hajaambiwa na mtu mwingine kwamba umemfungulia kesi.

Mzee Kigoda:

Nimewasoma wote, niongeze la kikao chenyewe maana nimekaa kwenye vingi.

Msikae nyumbani kwa mmoja wa wagomvi, wala msikae kanisani ndani watu wakaanza kuigiza utakatifu. Nyumba ya mtu wa tatu. Watu wasizidi sita, wajumbe wakiwa wengi kila mmoja anataka aonekane ana busara. Simu zizimwe ziwekwe mezani, kuna watu wanarekodi. Aanze kuongea aliyekosewa bila kukatishwa, halafu yule mwingine arudie alichosikia kabla hajajibu. Arudie kwa maneno yake. Hapo ndo nusu ya ugomvi inaisha maana utakuta alisikia kitu kingine kabisa. Neno "wewe siku zote" marufuku, mtu ataje siku na jambo.

Kukiwa na hela iandikwe kiasi, tarehe, na anayelipa kwa awamu aandike awamu ngapi, wasaini na mashahidi wawili. Wakristo wengi wanaona aibu kuandika wakidhani ni kukosa imani, na ndo maana tunarudi kikao kilekile mwaka unaofuata. Paulo kwenye barua kwa Filemoni kuhusu deni la mtumwa Onesimo aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba mimi nitalipa.

Na sala iwe fupi. Chai inywewe mwisho baada ya karatasi kusainiwa, mkianza na chai watu wanataniana, wanaondoka wakidhani wamepatana.

Mtoto wa Pili:

Asanteni sana wakuu. Nitaenda kwa kaka wiki hii, shangazi simwambii kwanza.

Chuma Ulete:

Na mimi wa mchele mmenisahau.

Mzee Kigoda:

Una maandishi?

Chuma Ulete:

Nina meseji zake anaomba muda, na muamala wa kumtumia upo.

Mzee Kigoda:

Usizifute. Mfuate na mtu mmoja anayemheshimu, mwandikishane awamu. Akikataa rudi kwa wazee waitishe kikao, wasipoitisha nenda mahakama ya mwanzo ukafungue madai, tena mtaarifu kabla. Ila ukikutana naye Jumapili msalimie kama kawaida.

Chuma Ulete:

Mahakamani naenda hata kesho mzee wangu. Hapo kwenye kumsalimia ndo pana kazi.